Feni Iliyomeza Tausi Wanne

Nikipita Ulaya mpaka leo (hii Ulaya yetu ya mahindi na ufuta, kwenye njia ya Kilosa kwenda Mikumi, wala msiangalie ramani za mbali) kuna watu wananiita Bwana Feni, watu wazima na heshima zao, na mimi naitika, maana mtu akishaaibika mbele ya wakwe zake mchana kweupe, siku ya gulio, halafu akaaibikia chini ya meza, hana tena jina la kulinda. Wengi mmeisikia habari hii kwa midomo mingine na kila mdomo umetia chumvi yake. Wapo wanaosema nililia, sikulia. Wapo wanaosema kibanda kiliungua, hakikuungua, kilichoungua ni kingine. Leo naieleza mwenyewe na sijitetei, kwa sababu nimeshatafuta pa kujitetea miaka yote hii sijapaona.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshatufikia sawasawa, mashirika ya umma yanauzwa, mashamba ya mkonge yamelala, na kila mwenye kibanda na wazo ni mfanyabiashara. Kibanda changu kilikuwa karibu na stesheni ya Kilosa na wazo langu lilikuwa kompyuta. Nilikuwa napiga barua za maombi ya kazi, risala za harusi, ratiba za mazishi, na matangazo ya mbuzi waliopotea. Mashine yenyewe niliipata kwa wageni wa mradi mmoja wa maji waliofunga mradi wao wakaondoka, na ilikuwa mashine ya ajabu kidogo, kasha lake pana na jembamba, linalazwa mezani kama sanduku la nguo na kioo kinakaa juu yake, na ilitengenezwa na kampuni ambayo inaonekana haikutaka kufanana na mtu, maana kila kitu ndani yake kilikuwa na vipimo vyake peke yake. Dada Salma, fundi wangu wa Morogoro, aliifungua mara moja tu akatikisa kichwa.

"Kaka Shabani, hii mashine ni yatima," akasema. "Haina ndugu Morogoro nzima."

Basi yatima wangu akaanza kukoroma. Kwa wasiojua, ndani ya kompyuta kuna prosesa, ndiyo ubongo wake, inachemka ikifanya kazi, na juu yake wanabandika bati lenye mapezi la kunyonya joto, na juu ya bati kuna feni ya kulipoza. Feni ya kwangu ilikuwa imechoka, inasaga, ikizidiwa inasimama, na ikisimama mashine nayo inazima katikati ya risala ya mtu. Nikampigia Dada Salma kutoka posta.

"Usinunue feni kwa macho," akaniambia. "Pima kutoka kwenye prosesa mpaka kwenye ile rafu ya sidii iliyo juu yake. Ukizidisha hata kidole kimoja, mfuniko haufungi. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Tena nilipima: vidole vitatu vilivyolazwa. Naomba hili mlishike kabla hatujaendelea, nilipima na nilijua.

Nikapanda basi kwenda Mikumi, pale barabara kuu wanapopaki malori ya Zambia, kwenye duka la spea za redio na makorokoro ya kompyuta yanayotoka Dar. Duka lilikuwa la mjomba wake Tausi, na muuzaji alikuwa Tausi mwenyewe, na hapa lazima niseme kwamba barua yangu ya posa kwa Tausi ilikuwa imeshapelekwa kwao Ulaya mwezi mzima nyuma na haijajibiwa. Kwa hiyo mnaelewa hali. Nilikuwa nasimama mbele ya binti niliyemposa, tunaongea habari za spea kama watu wasiofahamiana, na pembeni mjomba mtu kakaa kwenye stuli anajifanya anasoma gazeti. (Gazeti lilikuwa la wiki iliyopita, nililisoma mimi kabla yake.)

Tausi akaitazama ile feni mbovu niliyokuja nayo, akaingia nyuma, akatoka na mbili. Moja ndogo, nyeusi, imeshatumika, imekaa kama kopo la dawa ya viatu. Nyingine, jamani. Mapezi ya shaba yanang'aa, feni upana wa kiganja, imesimama kama mnara.

"Hii ndogo ndiyo yako," akasema. "Ni vidole vitatu, na kulabu zake ni zilezile."

"Na ile?"

"Ile ni ya mashine kubwa, haikuhusu."

Sasa mwambie mwanaume hivyo mbele ya mjomba mtu. Nikamwona mjomba kateremsha gazeti kidogo, na nikajua jioni ile habari itafika Ulaya kwamba mkwe mtarajiwa kaja dukani kachagua kile kidogo kilichotumika. Nikapandwa na kichaa cha heshima.

"Nipe ile kubwa."

"Shabani, si umesema umepima?"

"Kubwa inapoza zaidi, Tausi. Hiyo ni sayansi."

"Na mfuniko?"

"Mfuniko nitauangalia."

Akaifunga kwenye karatasi taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Usije ukasema hukuambiwa." Mjomba akanyanyua gazeti.

Nilipofika kwangu nikaanza kazi. Kulabu hazikuingia, nikazipiga tupa mpaka zikaingia. Rafu ya sidii ikagoma, nikaing'oa, ile mashine ya kusomea sidii yenyewe nikaining'iniza ubavuni kwa kamba ya katani. Nikawasha. Yatima akanguruma kama mashine ya kukoboa, ila hakuzima, na bati lilikuwa la baridi kweli. Mfuniko, ndugu zangu, haukufunga. Mnara wangu ulitokeza nje kimo cha kikombe cha chai. Kioo nikakihamishia kwenye stuli, mfuniko nikausimamisha nyuma ya mlango, na mteja wa kwanza aliponiuliza mbona tumbo liko wazi nikamjibu bila kupepesa macho, "Za kisasa hazifungwi, zinapumua." Akaondoka ameelimika. Jirani yangu wa barazani, Maganga fundi viatu, mtani wangu (babu yake aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, na sisi wa hapa na wao ni watani tangu enzi za misafara), yeye hakuelimika. Akachungulia, akasema, "Mtani, hiyo siyo kompyuta, hiyo ni supu, bado haijafunikwa."

Wiki mbili zikapita, kisha mshenga wangu Mzee Kibwana akaja amekunja uso. Mzee Athumani, baba yake Tausi, ameamua kujibu posa, lakini atakuja kujibu mwenyewe, siku ya gulio, kibandani kwangu, na jibu atalitamka yeye na mimi nitalipiga kwenye kompyuta.

"Posa haijibiwi hivyo!" Mzee Kibwana alikuwa amekasirika kweli. "Jibu linapita kwa mshenga. Mimi nina kazi gani basi?"

Lakini Mzee Athumani alikuwa karani wa reli maisha yake yote, na kwake yeye jambo lisilopigwa chapa halijatokea. Zaidi ya hapo alikuwa ametuma ujumbe: anataka aione kwa macho hiyo kazi itakayomlisha binti yake, maana shamba hana habari kama ninalo. (Sikuwa nalo.) Sikulala vizuri siku tatu. Nilimtaka Tausi, nisiwafiche, nilimtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na sasa jibu lote lilikuwa juu ya mashine isiyo na mfuniko.

Siku ikafika. Mzee Athumani kavaa koti, Mama Tausi kajitanda kanga mpya, nikawaamkia shikamoo nimeinama mpaka nikaona ndara zangu, wakaitika marahaba. Tausi alibaki Mikumi dukani, ndivyo inavyopaswa. Ila watu wa gulio walishanusa, maana Maganga hana siri, dirisha likajaa vichwa na mlangoni watu wakasimama na vikapu vyao vya nyanya.

Kabla mzee hajakaa, Mama Tausi akafungua mkoba. "Baba, nimesikia kompyuta yako iko uchi," akasema. "Mdogo wangu wa Mikumi ameniambia. Vumbi litaiua. Nimeifumia nguo."

Akakikunjua kitambaa. Mnajua vitambaa vya mama zetu, redio inavalishwa, kochi linavalishwa, hata jagi la maji lina kofia yake, lakini kile kilikuwa kitu kingine, cheupe, kimefumwa kwa sindano kuanzia katikati kuzunguka kwenda nje, na kila pembe kuna tausi wa buluu na kijani kafungua mkia. Tausi wanne. Alianza kukifuma siku barua yangu ilipofika.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Maneno matatu tu, "Mama, kuna feni." Lakini mama mkwe humwambii usiweke. Mama mkwe hata usoni humwangalii, seuze kumkataza zawadi yake mbele ya gulio zima. Halafu nikimwambia kuna feni ataniuliza kwa nini mashine haina mfuniko, na mimi nitasema zinapumua? Mzee Kibwana akanikodolea macho, maana yake shukuru, mjinga wewe.

"Ahsante sana mama, imependeza," nikasema.

Akaitandika mwenyewe kwa mikono yake, akainyoosha pembe, akarudi nyuma kuitazama. Ikapendeza kweli. Katikati ikabonyea kidogo, kama tumbo la mtu aliyevuta pumzi.

"Andika," akasema Mzee Athumani. Alikuwa amefumba macho, mikono kwenye mkongojo. "Kwa Ndugu Shabani. Yah, ombi lako la kumuoa binti yetu."

Nikaandika, na kila mstari nikausoma kwa sauti kama alivyoagiza ili mashahidi wasikie. Kwenye mstari wa pili nikasikia feni imebadilisha sauti. Nikatupa jicho. Mkia wa uzi, ule wa mwisho kabisa ambao nadhani mama hakuukaza kwa haraka ya safari, ulikuwa umeshuka ndani, umeshikwa, na kitambaa kilikuwa kinafumuka, taratibu, kuanzia ukingoni, kikizunguka. Tausi wote wanne walikuwa wananyolewa mikia kwa pamoja.

"Andika. Tumeipokea barua yako kwa heshima."

Nikaandika. Ningefanya nini? Ukimkatiza mzee anapojibu posa umejijibu mwenyewe. Nikapandisha sauti ya kusoma ili feni isisikike, feni nayo ikapandisha yake, nikawa nasoma barua ya posa kwa sauti ya mpiga debe, na Mzee Athumani bado kafumba macho, kaingia ndani ya maneno yake. Mikia ikaisha. Ukaanza mwili.

"Mtani!" Maganga akaita mlangoni. "Mtani, feni inamla bibi harusi!"

Watu wakacheka. Mama Tausi akageuka akaona. Hakupiga kelele, alisema tu "Ah!" kama aliyechomwa na mwiba, akarukia kitambaa chake upande mmoja, na mimi bila kufikiri nikarukia upande wa pili, kila mtu akavuta kwake, na uzi ukawa unatoka kwenye feni, unapita kwenye mkono wangu, unazunguka bangili zake, unarudi.

"Andika!" mzee akasema kwa nguvu, nadhani alidhani zogo ni la gulio. "Sisi wazazi, baada ya kutafakari kwa kina, tumeamua..."

Na akanyamaza kukohoa.

Hapo feni ikakaba. Ikatoa mlio mmoja mrefu, kukaja harufu ya kitu kinaungua, moshi mwembamba ukapanda kupitia tausi waliobaki vichwa. Nikaona prosesa inakufa. Plagi ilikuwa chini ya meza. Nikapiga mbizi chini ya meza, nimesahau kabisa kwamba mkono wangu umefungwa, na uzi wa Mama Tausi ulikuwa uzi imara, hakuna uzi wa kukatika pale, nikasikia bangili zimelia na mama mkwe wangu mtarajiwa akanifuata chini ya meza.

Tukatazamana. Mara yangu ya kwanza kumwona macho. Nikachomoa plagi.

Kisha Maganga, mtani hana adabu na ndiyo kazi yake, akasema polepole, "Wakwe wa watu hupeana mkono. Huyu wake kamfunga kamba." Gulio zima likaangua kicheko, nyanya zikamwagika mlangoni, Mzee Kibwana akajifunika uso kwa kofia yake.

Mzee Athumani alipofumbua macho alimkuta mkewe anatambaa kutoka chini ya meza na mimi nyuma yake. Akamsaidia kusimama. Akaukata uzi kwa kisu chake kidogo cha mfukoni. Akasogea akachungulia ndani ya mashine muda mrefu, akaiona sidii inaning'inia kwa katani, akauona mfuniko nyuma ya mlango.

"Hiki kinafunika hapa?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Mbona hakijafunika?"

Nilikuwa na jibu la zinapumua tayari mdomoni. Sijui kwa nini sikulitoa. "Feni ni kubwa mno, baba. Iliyokuwa yake ilikuwepo, ndogo. Tausi aliniambia nichukue hiyo. Nilikuwa nimepima."

"Umepima, na umeambiwa."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka nionekane."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama karani anayepokea fomu. "Na barua yangu?"

"Imepotea, baba. Nilikuwa sijaihifadhi."

"Iliishia wapi?"

"Tumeamua."

"Basi siku hilo sanduku likifungwa utaniita, nitamalizia." Akamshika mkewe mkono wakaondoka, na kwa siku nyingi baada ya hapo kila aliyepita barazani alichungulia dirishani akauliza, "Wameamua nini?"

Uzi niliutoa kwenye ile feni kwa sindano na kibano, siku tatu. Wa buluu mbali, wa kijani mbali, mweupe mbali, ule ulioungua nikautupa. Nikauosha, nikaukausha, nikauzungusha madonge matatu, nikapanda basi hadi Ulaya nikampa Mama Tausi kwa mikono miwili, macho chini. Akayapima kiganjani. "Haujakatika sana," akasema, basi, akaingia ndani. Mzee alikuwa barazani anapukuchua mahindi.

Nikaendelea na basi mpaka Mikumi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Tausi hakunisubiri niyaseme, alifungua droo ya chini akaitoa ile ndogo nyeusi, imefungwa karatasi, juu yake kaandika jina langu.

"Hukuiuza?"

"Ningemuuzia nani? Ni ya mashine yako tu." Kisha akacheka mpaka akashika kaunta, na mjomba naye nyuma ya gazeti lake mabega yanatikisika.

Feni ikaingia. Rafu ikarudi. Mfuniko ukashuka ukalia *tak*, na mlio huo mpaka leo sijasikia muziki unaoushinda. Mzee Athumani akaitwa, akaja, akagonga mfuniko kwa kidole mara mbili, akakaa, akafumba macho.

"Soma tulipoishia."

"Sisi wazazi, baada ya kutafakari kwa kina, tumeamua..."

"Kukubali. Nukta. Hifadhi."

Nikahifadhi mara tatu. Maganga alipiga kelele zikafika stesheni.

Mama mkwe alifuma tena kwa uzi uleule, safari hii tausi watatu, na akatuma neno kwamba kitambaa hiki ni cha kioo, kisisogee kwenye kasha. Ile feni kubwa haikwenda mahali, mke wangu anaitumia kuwekea pasi ya mkaa, joto linanyonywa vizuri sana (sayansi ilikuwa sahihi), na katikati ya mapezi kuna uzi wa buluu uliogoma kutoka. Nikitaka kuuchokonoa ananikataza.

Sasa miaka ikapita, tuna watoto wawili, tuko Ulaya barazani tunapukuchua mahindi mimi na mzee, nikapata ujasiri. Nikamuuliza, baba, siku ile ya kwanza, kabla hujakohoa, neno lililobaki lilikuwa ndilo hilohilo?

Akapukuchua hindi lake mpaka mwisho.

"Kukataa," akasema.

"Baba?"

"Lilikuwa kukataa. Shemeji wa dukani alinieleza ulivyonunua. Nikasema mtu anayepima halafu asifuate kipimo chake sitampa mtoto." Akachukua hindi lingine. "Halafu ukasema ulitaka kuonekana, mbele ya watu wote wale. Na ule uzi ukaurudisha. Nikaona tuahirishe."

Nikaendelea kupukuchua. Tangu siku hiyo sinunui hata kifungo cha shati bila kukipima na kidole, na nikishapima nafuata kipimo, na Tausi akisema chukua hii ndogo, nachukua hii ndogo.